Mwanaume wa Kopa Jekundu

Mwitongo, Butiama
14 Januari 2025

Kwa Nicolaus, mjukuu wangu na mume wangu wa mjini,

Salamu kwanza. Kule kwenye kisomo cha ngumbaru mwalimu alituambia barua isiyo na salamu ni mashitaka. Hii itakuwa mashitaka, lakini salamu zako chukua. Hujambo? Kifua kimeacha kukubana? Hapo Musoma usiku unafunga dirisha, au unalala wazi upepo wa ziwa ukupige kama ng'ombe asiye na zizi? Mimi mzima. Goti linauma, lakini linaumaga tangu mama yako hajaolewa, si habari. Mama yako Dorkas yuko Nyasura, nasikia amenenepa. Kwangu hafiki. Mwambie njia haijaota miti.

Sasa sikiliza.

Hii simu uliyoniletea Krismasi, pana kama ungo wa mtoto, ina mwizi. Naweka vocha jioni. Asubuhi nataka kumpigia mama yako, yule dada wa ndani ya simu ananiambia sina salio la kutosha. Usiku nimempigia nani mimi? Panya? Nikaweka tena, ikaliwa tena. Nikasema hapana, mtu mzima haibiwi na mkono uleule bila kuushika.

Nikaanza kuamka alfajiri kuichungulia. Nicolaus, kuna mwanaume anaandika humu ndani. Hana jina. Amejiandika kwa kopa jekundu, kama la kwenye karata. Jogoo hajamaliza kuwika yeye ameshafika: "Umeamkaje mpenzi? Usiku kucha nimekuwaza wewe tu." Kesho yake: "Tabasamu lako ndiyo chai yangu ya asubuhi." Chai! Sisi wenyewe tunakunywa bila sukari, yeye anakunywa meno ya watu.

Mimi tabasamu langu limebaki mapengo. Hakuna mwanaume mwenye akili timamu atakesha akiliwaza. Nyumba hii tuko watu wazima wawili. Nitoe mimi. Anabaki nani?

Anabaki Rhobi. Na Rhobi ndiye anapelekaga simu senta kuchaji.

Wewe unajua Rhobi nilimwoa mwenyewe, kwa ng'ombe zangu, kwa nyumba ntobhu, kama mama zetu walivyofanya wakikosa mtoto wa kiume. Mwanamke anaoa mwanamke, watoto wanakuwa wa nyumba yake na jina halizimiki. Muzamil mwenye duka hapa senta alinicheka miaka ile, "Bibi, harusi yako lini nije nile pilau?" Nikamwambia utakula ukitoa ng'ombe. Baba yake na Burito, mtoto wetu, tulimchagua wote, mimi na Rhobi, mtu wa heshima, anajulikana mpaka kwa padri. Huyu wa kopa anajulikana na nani? Anapita nyuma ya nyumba yangu, tena kwa vocha yangu mimi!

Nimemuuliza Rhobi. Amesema, "Mama, mimi simjui." Kisha akaendelea kuchambua mboga. Mtu asiye na kosa hachambui mboga vile.

Nenda kwa hao watu wa mitandao wakupe jina lake, ukoo wake na kijiji chake. Nitamfuata na mwiko wa ugali.

Usinipigie. Nimeizima, nimeifukia kwenye mtungi wa mtama. Naitoa alfajiri tu nimchungulie, halafu namrudisha gizani. Andika. Isidori wa bodaboda atapita kuchukua jibu.

Ni mimi bibi yako, mkeo mkubwa,
Wakuru

*

Musoma
17 Januari 2025

Kwa bibi, mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu na za tajiri wangu Shomari, anasema ile ndizi uliyompa Krismasi ameimaliza na bado anaisifu. Kifua kimepona. Dirisha nafunga. Kazi ya dukani inaendelea, mabati na misumari, misumari na mabati. Pole na goti. Nimemwambia mama kuhusu njia, amecheka, kisha akaniuliza goti linaendeleaje, nadhani imemwingia.

Bibi, kabla hujasoma mbele, naomba kitu kimoja: usimseme Rhobi tena.

Huyo wa kopa si mwanaume. Si mtu kabisa. Ni programu, huduma iliyo ndani ya simu. Mtu akijiunga nayo, kila asubuhi inamtumia maneno ya mapenzi, na kila ikituma inakata salio. Maneno hayohayo uliyotumiwa wewe wametumiwa watu maelfu asubuhi ileile. Tabasamu lao wote ni chai.

Swali si nani anaandika. Swali ni nani alijiunga. Hebu kumbuka vizuri: tangu nimekuachia simu, hakuna kitu kilitokea kwenye kioo kikakuuliza jambo, wewe ukabonyeza?

Usiguse chochote. Jumapili ya kwanza nikipata ruhusa nakuja niitoe mwenyewe. Na Rhobi mwambie nimemsalimu, na Burito nimemnunulia viatu.

Wako,
Mumeo wa mjini, Nicolaus

*

Mwitongo
25 Januari 2025

Mume wangu Nicolaus,

Hujambo? Mimi sijambo, na sijambo yenyewe ni ya mdomoni tu. Mvua haijanyesha, mihogo imekauka majani, na wewe unaniandikia mambo ya maelfu.

Barua yako Isidori ameileta jana. Pikipiki yake ilikatika cheni pale Kiabakari, akakaa kwa shemeji yake anakula, barua yangu iko mfukoni inatoka jasho. Imefika kuna kitu kimeshatokea. Nakwambia sasa, usipige kelele.

Rhobi ameondoka.

Ilikuwa Jumapili. Asubuhi ile nilitoa simu kwenye mtama, kopa likawa limeandika, "Leo nikuone au nife." Nikasema, kumbe wamepanga kuonana leo! Nikatoka. Rhobi alikuwa bombani na ndoo, mtoto mgongoni, wanawake wamejaa, mama Samia yupo, wale wa kwaya wapo. Nikamuuliza, "Unaenda kufa na nani leo?" Akaniangalia. Nikasema yote. Neno nililomwita sitaliandika hapa, karatasi ya shule inatoboka, lakini linaanza na M na wewe unalijua.

Alitua ndoo, ikiwa imejaa, hakuimwaga. Akarudi nyumbani, akakunja kanga zake na nguo za Burito, akaenda kwao Mugeta. Mtoto ananipungia mkono anadhani wanaenda mnadani.

Sasa ngoja nikueleze kinachonitia wazimu. Ameondoka, na salio bado linaliwa! Jumatatu limeliwa. Jumanne limeliwa. Kopa linaendelea, "Mpenzi mbona kimya?" Simu iko na mimi, ndani ya mtungi, na mtungi nimeuwekea jiwe. Amemwachia nani funguo? Nikampelekea Enos kinyozi, akabonyeza kile kikopa kwa muda, kikatetemeka, akakitupa. Akasema, "Bibi, nimekifuta, kimekufa." Nikalala vizuri. Asubuhi vocha imeliwa na maiti!

Unaniuliza nilibonyeza wapi. Mimi? Mimi mtu wa kubonyezabonyeza? Mimi nimelelewa na adabu. Pale mwanzo, siku zile uliponiachia simu, kilikuwa kinatokea kitu cha kijani kwenye kioo, kimeandikwa "Karibu! Tunafurahi kukuona." Chini yake kuna mlango mmoja mkubwa, "Kubali", na kingine kidogo hata macho hayafiki. Sasa mtu amekukaribisha, amefurahi kukuona, unamwambia hapana? Kwetu mtu akibisha hodi unamjibu, akikusalimia unaitika. Nikawa naitika. Kila akija naitika. Walikuja wengi, nikadhani ni watu wa serikali, wale wa kuandikisha.

Lakini hayo ni salamu tu. Salamu haziibi. Usinigeuzie kibao wewe. Mashine haina moyo wa kusema "mpenzi". Tafuta mtu.

Bibi yako asiyelala,
Wakuru

*

Musoma
28 Januari 2025

Kwa bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini mwili una nguvu, maana barua hii ni nzito kidogo.

Umejijibu mwenyewe, bibi. Rhobi hayupo na salio linakatwa. Simu iko chini ya jiwe na salio linakatwa. Kila mlango wa kijani ulioitikia ulikuwa mkataba. Hawakuwa watu wa serikali. Uliwakaribisha, nao wakaingia, kila mmoja akaanza kula.

Na mimi nina sehemu yangu. Ulitaka nyimbo za kwaya, nikaunganisha malipo ya simu na salio ili ziingie kirahisi. Nikaondoka nikauacha ule mlango wazi. Nikemee kwa hilo, ni haki yako.

Enos hakukosea kwa ubaya, lakini kufuta kile kipicha si kusitisha. Ni kama umeajiri mchungaji, kisha ukavunja kibanda chake ukadhani umemfukuza kazi. Kibanda hakipo, mshahara anaudai palepale. Inabidi umwambie mwenyewe: kazi imekwisha.

Nilitaka kuja, ila Shomari amesafiri na dukani niko peke yangu. Utafanya mwenyewe, unaweza. Iwashe. Gusa lile duka la programu, lenye alama ya pembetatu ya rangi. Juu kabisa, kona ya kulia, kuna duara lenye herufi W. Ni wewe hiyo. Gusa. Tafuta "Malipo na usajili", halafu "Usajili". Utawaona wote wamejipanga. Gusa mmojammoja, chini utaona "Ghairi usajili". Watakubembeleza. Usiitike.

Nimeongea na Rhobi kwa simu ya kaka yake. Hakulia. Bora angelia. Ameniambia hivi: asitumwe mzee wa kuongea, asitumwe kuku, uje wewe mwenyewe. Nakuomba, bibi. Nenda Mugeta.

Mumeo, Nicolaus

*

Mwitongo
9 Februari 2025

Nicolaus,

Umeamka? Umekula? Haya.

Nimekaa siku zote hizi nikitafuta la kukujibu na kila nikipata ni tusi. Mtoto niliyemfuta kamasi na kanga yangu ananiandikia "usiitike"! Ananiambia nilikaribisha wezi! Nyimbo za kwaya niliomba, ndiyo, je, nilikuomba ufungue ghala langu uondoke? Umejikemea kwa mstari mmoja ukadhani yameisha. Mimi nikija huko Shomari atajua ameajiri nani.

Lakini simu nimeisafisha. Nimeisafisha mimi, bila Enos, bila mtu. Nilikaa nayo uani tangu nimetoa ng'ombe mpaka jua limenifuata chini ya paa.

Nikagusa pembetatu. Nikagusa W. Nikawaona. Nicolaus, walikuwa wamejaa humo kama kupe kwenye sikio la ng'ombe! Kuna wa kopa. Kuna wa kunitabiria mpira, nani atamfunga nani Ulaya. Mimi timu gani? Kuna wa nyota, ananiambia mwezi huu nitapata safari na mchumba. Kuna wa kunifundisha Kiingereza. Na kuna mmoja wa kupunguza tumbo. Tumbo lipi? Nilisimama pale uani nikajishika kiuno, nikamwambia, "Wewe uliliona wapi?"

Nikaanza na wa kopa. Nikabonyeza ghairi. Akaniuliza, "Kwa nini unaondoka?" Akanipa majibu nichague, kama mtihani. Nikamwambia kwa mdomo, "Umevunja nyumba yangu!" Hilo halikuwemo kwenye majibu. Akasema, "Ukiondoka utakosa mambo mazuri." Akasema, "Pata wiki moja bure." Babu yako marehemu siku nilipofunga mzigo kurudi kwetu hakunibembeleza hata nusu ya hivyo, alisema tu nisisahau sufuria. Nikabonyeza ghairi tena. "Una uhakika?" Nikaibonyeza mpaka kucha ikauma.

Mmoja akaondoka. Nikashika wa pili. Yule wa tumbo nilimwacha mwisho makusudi ajione.

Leo asubuhi nimeichungulia. Kimya. Vocha iko vilevile nilivyoilaza. Nikakaa kitandani nimeishika, hakuna mwizi wa kumlaumu tena.

Mugeta siendi. Nimemtuma Isidori na kuku, jogoo mwenye kilemba, si kijogoo. Wameurudisha mkono wangu. Kuku amerudi na kamba yake mguuni, na kwenye kamba wamefunga kitenge nilichompa Rhobi siku ya kumtoa kwao. Sasa mimi ninyenyekee zaidi ya hapo? Mimi ndiye niliyeoa. Umewahi kusikia mwenye ng'ombe anapiga magoti kwenye nyumba aliyotolea ng'ombe?

Wakuru, bibi yako

*

Musoma
12 Februari 2025

Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nakupongeza kwa simu.

Kaka yake Rhobi, Wenceslaus, amenipigia. Wamekubaliana ukoo mzima kuzirudisha ng'ombe zako. Kuna mwanaume wa huko Bunda ameshapeleka maneno ya kumwoa. Ng'ombe zikiingia zizini kwako, Burito anakuwa wa Mugeta na jina la nyumba yako linaondoka naye. Hilo unalijua kuliko mimi. Wanasubiri mnada upite.

Rhobi aliniambia uje mwenyewe, ukatuma kuku.

Sitaandika tena mpaka uende.

Mjukuu wako,
Nicolaus

*

Mwitongo
11 Machi 2025

Kwa Nicolaus, aliyeniandikia barua kama karani wa mahakama,

Salamu nakupa, kwa sababu mimi nina adabu. U mzima? Mimi nimechoka, goti limevimba kama kitunguu, na nina hasira, usidhani zimeisha. Kaa chini usome yote, usirukeruke.

Nilienda. Nililala Nyasura kwa mama yako. Alinikandia goti kwa maji ya moto na hakunisema neno, nikajua mmekwisha kunijadili. Asubuhi nikapanda gari la Mugeta. Nilivaa lile gauni la kanisani, na simu nimeiweka kwenye mkoba, imechajiwa, imejaa.

Kufika tu, huyo Wenceslaus yupo kwenye kiti cha uvivu, anachokonoa meno. Akaita watu wote, "Tokeni nje! Bwana harusi amefika! Mpeni kiti asije akachoka kabla ya sherehe!" Wakacheka, watoto, wake zake, mpaka mbwa. Nikamwambia, "Cheka, Wenceslaus. Ng'ombe zangu zilikunenepesha, lazima uwe na sauti." Akaacha kuchokonoa.

Rhobi alikuwa anamenya mihogo. Hakuinuka. Burito akanikimbilia, amekonda shingo, akanishika gauni kwa mikono yenye udongo. Sikumzuia. Rhobi akamwita mara moja tu, "Burito," na mtoto akaniachia. Nikaachwa nimesimama juani mpaka beseni likajaa. Nilisimama, Nicolaus. Na goti hili.

Nikatoa simu. Nikasema, "Rhobi, tazama. Nimewafukuza wote. Wa kopa hayupo, hata wa mpira hayupo. Ilikuwa ni programu, hata Nicolaus amesema, hakuna mwanaume."

Akafuta mikono. Hakuichukua simu.

"Mama," akasema, "simu ndiyo iliyonitukana bombani?"

Nikasema, "Ilikuwa inaandika kila siku..."

"Sijauliza ilichoandika. Nilikwambia simjui. Nilikwambia mara moja, ukaangalia mboga."

Akalisogeza beseni kando.

"Nani alinitukana, mtoto wangu yuko mgongoni?"

"Mimi."

"Kwa mdomo wa nani?"

"Wangu."

"Basi rudisha simu kwenye mkoba. Haina kesi."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na maneno, wewe unanijua, sikosi maneno. Nikairudisha kwenye mkoba. Wenceslaus akadakia, "Tunataka faini, tunataka mbuzi, tunataka..." Rhobi akamwambia, "Wewe kaa." Akakaa! Basi hapo nikakumbuka kwa nini nilimwoa huyu na nikawaacha wasichana wengine wote wa bondeni.

Akaniambia, "Sitaki mbuzi. Neno lile ulilisemea wapi?"

"Bombani."

"Nani walikuwepo?"

Nikawataja.

"Lisemee hukohuko, wakiwepo haohao. Usiseme simu. Usiseme Nicolaus. Nikisikia umetaja simu, siji."

Nikamwambia huo ni ukatili kwa mtu mzima. Akasema, "Ndiyo."

Nikarudi. Nilikaa ndani siku kadhaa najifanya naumwa, na goti kweli linauma, kwa hiyo haikuwa uongo mtupu. Jumapili nikaenda bombani. Walikuwepo. Mama Samia aliponiona akaanza kunipisha nichote kwanza kwa sababu ya uzee, nikamwambia sijaleta ndoo. Wakaangaliana. Nikasimama juu ya lile zege la bomba, viatu vikaloa. Nikasema: "Nyie nyote mlikuwepo nilipomwita Rhobi malaya. Rhobi si malaya. Rhobi ni mke wa nyumba yangu na ameishi kwangu kwa heshima. Aliyesema uongo ni Wakuru, mimi hapa. Mwenye kucheka acheke sasa, nimwone meno."

Kuna mmoja wa kwaya alicheka. Nimemwona. Sitamsahau.

Wengine hawakucheka. Mama Samia akasema, "Bibi, sasa mbona ulisema vile?" Nicolaus, ulimi wangu ulishafika kwenye simu. Ulifika kabisa, herufi ya S ilikuwa kwenye meno. Nikaumeza. Nikasema, "Kwa sababu nilitaka kuamini mabaya." Nikashuka kwenye zege, nikarudi nyumbani. Ni njia fupi ile lakini siku hiyo iliongezwa.

Habari ilifika Mugeta kabla jua halijazama, watu wa hapa midomo yao haina haja ya vocha.

Rhobi alikuja Alhamisi, mzigo kichwani, Burito mkononi. Ng'ombe hazikurudi, Wenceslaus ameambiwa na dada yake azisahau. Akasalimia majirani. Akamsalimia Enos. Mimi hakunisalimia. Akafagia uani pote, alipofika miguuni kwangu akafagia kuzunguka kama nimeota pale. Chakula ananiwekea, cha moto, kimekaa vizuri, na anaenda kula jikoni na mtoto. Nikimuuliza chumvi iko wapi anamtuma Burito aniletee. Nikikohoa usiku nasikia naye amegeuka kitandani, hasemi. Nilimwambia, "Heri unitukane." Akachukua ndoo akaenda.

Nimeishi na watu wakali. Babu yako alikuwa mkali, mama mkwe wangu alikuwa simba. Sijawahi kuishi na kimya kama hiki. Ugali unanikwama.

Na wewe usijisifu kwamba barua yako ndiyo iliyonipeleka. Nilikuwa naenda. Nilikuwa natafuta gauni. Na viatu vya mtoto ulisema umenunua tangu Januari, viko wapi, au vinasubiri mguu ukue mpaka visitoshe? Leta mwenyewe. Na utakapokuja utapiga magoti na wewe, kwa Rhobi, kwa ule mlango uliouacha wazi. Usinitazame mimi nikuombee. Kila mtu na goti lake.

Nilikuwa nimeishia hapo, nimekunja barua, nikaifungua tena.

Leo asubuhi nilianika udaga, mihogo aliyoiloweka Rhobi, kwenye turubai, nikaenda kumsikiliza Isidori anasimulia ajali. Mvua ya kwanza ikanyesha. Mihogo yote ya wiki ikaloa, ikawa uji. Rhobi akatoka jikoni, akaona. Nikasikia anapumua. Halafu akageuka kwangu, mikono kiunoni, akafungua mdomo: "Wewe mama una akili gani? Mawingu yote yale hukuyaona? Macho yako ni ya nini? Mimi nimenye, mimi niloweke, wewe uanike tu halafu ukapige soga barabarani kama msichana! Mtoto tutampa nini, maneno yako?" Akaendelea, Nicolaus. Aliyasema ya udaga, akahamia ya kuni nilizowahi kuziacha nje, akahamia ya mwaka juzi. Alinifokea mpaka Burito akaziba masikio. Majirani wakatoka kusimama.

Mimi nilisimama kwenye mvua, sikumkatiza. Nilisikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha nikashika upande wangu wa turubai, naye akashika wake.

Mkeo mkubwa,
Wakuru